Chane zinaondoka, mikungu inabaki: hesabu ya taka isiyopigwa

Fika soko la Mabibo alfajiri, pale wakazi wa Dar es Salaam wanapopaita Mahakama ya Ndizi, utakuta malori yanashusha mzigo. Ndizi zimetoka Rungwe, Kagera na Kilimanjaro, zimelazwa juu ya majani ya migomba ili zisichubuke njiani. Ikifika saa nne asubuhi biashara kubwa imekwisha. Wachuuzi wameondoka na chane zao, huyu kwenye bajaji, yule kwenye guta, mwingine kajitwika kichwani. Chini inabaki mikungu mitupu, majani yaliyolowa na ndizi zilizopondeka. Vijana wanavuta lundo lote kwa reki hadi kwenye ghuba la kukusanyia taka, na siku gari likipatikana, mzigo huo unaanza safari ya kwenda dampo la Pugu Kinyamwezi, karibu kilomita 30 kutoka katikati ya jiji.

Kwenye taarifa ya halmashauri, mzigo huo ukishapanda gari umeshaingia kwenye safu ya "taka zilizozolewa", na safu hiyo ikijaa, robo ya mwaka imekwenda vizuri. Lakini madhara ya mkungu ule kwa tabianchi yanaanza siku unapofukiwa, na yataendelea kwa miaka kadhaa baada ya diwani aliyepitisha bajeti ile kumaliza kipindi chake. Mipango yetu ya taka inahesabu kuzoa, ilhali anga linahesabu kuoza. Hesabu hizi mbili hazilingani, na mara nyingine zinapingana waziwazi.

Tuanze na kuoza kwenyewe, maana hapo ndipo wengi tunapoteleza. Ganda la ndizi likiachwa juu ya udongo, penye hewa, vijidudu vinalila na kutoa hewa ukaa. Hewa ukaa hiyo ndiyo ileile ambayo mgomba uliivuta ulipokuwa unakua, kwa hiyo deni limelipwa. Sasa lichukue ganda hilohilo ulifukie chini ya mita 8 za taka nyingine, lishindiliwe na katapila, lisipate hewa. Vijidudu vinavyofanya kazi huko chini ni wa aina nyingine, wasiohitaji oksijeni, na gesi wanayoitoa ni nusu hewa ukaa na nusu methani.

Methani haidumu sana angani, kama miaka 12 hivi, lakini ni kali. Ukipima athari yake kwa kipindi cha miaka 100, kilo moja ya methani inapasha joto dunia kama kilo 27 za hewa ukaa. Ukipima kwa miaka 20, inakuwa kama kilo 80. Ndiyo maana wanasayansi wanaiwahi: ukipunguza methani leo, nafuu inaonekana ndani ya umri wa mtoto aliyeko shule ya msingi. Na katika methani yote inayotokana na shughuli za binadamu duniani, takriban asilimia 20 inatoka kwenye taka ngumu na majitaka.

Kuna hesabu ambayo afisa mazingira yeyote anaweza kuipiga kwa kalamu na karatasi. Jopo la wanasayansi la Umoja wa Mataifa, IPCC, lilitoa mwongozo mwaka 2006 wa kukadiria gesi ya madampo. Mwongozo huo unachukulia kwamba katika tani moja ya taka za chakula, kama kilo 150 ni kaboni inayoweza kuoza. Nusu yake ndiyo huoza kweli. Katika hiyo iliyooza, nusu hutoka kama methani. Ukigeuza kaboni kuwa uzito wa gesi, unapata kilo 50 za methani kwa kila tani ya makombo, maganda na mikungu, ikiwa taka zimefukiwa na kushindiliwa vizuri kwenye dampo la kisasa. Dampo lisilosimamiwa lakini lenye kina cha mita 5 au zaidi hutoa asilimia 80 ya kiasi hicho, yaani kilo 40. Dampo lisilosimamiwa lenye kina kifupi, ambako hewa bado inapenya, hutoa asilimia 40 tu: kilo 20.

Soma tena aya hiyo, kwa sababu ndani yake kuna fundo ambalo wapangaji wengi wanalikwepa. Dampo bora, lenye sakafu ya plastiki nzito chini na udongo uliotandazwa juu, linatoa methani mara mbili na nusu ya kijidampo kifupi kilichotelekezwa. Kadiri unavyoshindilia ndivyo unavyofukuza hewa, na hewa ikitoka methani inaingia. Halmashauri inayojitahidi, inayonunua magari mapya, inayopandisha kiwango cha uzoaji kutoka theluthi moja ya taka hadi theluthi mbili na kuzipeleka zote kwenye dampo lililojengwa kitaalamu, itakuwa imezidisha mchango wake kwenye ongezeko la joto. Kufanya kazi vizuri kumeleta matokeo mabaya. Si ajabu watu wa bajeti wakisikia hivi wanakuangalia kama umekuja kuwaharibia kikao.

Je, dawa ni kuacha taka zizagae mitaani? Mwulize mtu aliyewahi kuishi Jangwani, kwenye bonde la Mto Msimbazi.

Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu, unapita katikati ya jiji na kumwaga maji yake baharini karibu na daraja la Salender. (Ukikaa kulifikiria ni jambo la kustaajabisha kidogo: Pugu ndiko mto unakoanzia, na Pugu hukohuko ndiko taka za jiji zinakoishia.) Desemba 2011 mvua kubwa ilishuka, bonde likafurika, na watu wapatao 40 wakapoteza maisha jijini. Mafuriko yana sababu nyingi: ujenzi mabondeni, mchanga unaojaa mtoni, miti iliyokatwa huko juu, na mvua zenyewe zinazozidi kuja kwa kishindo. Taka ni mojawapo tu. Ila ndiyo sababu unayoweza kuishika kwa mkono: karavati lililozibwa na viroba, chupa za maji na magodoro yaliyochakaa halipitishi maji, hata mhandisi angelipanua mara tatu. Tangu 2022 kuna mradi wa kuliendeleza bonde hilo wenye thamani ya dola za Marekani milioni 260, Benki ya Dunia ikitoa milioni 200. Fedha zote hizo zinategemea, pamoja na mengine, kile mama wa Vingunguti anachokifanya na ndoo yake ya jikoni jioni mvua inapotanda.

Hapo ndipo mambo yanapokatana. Upande wa kujikinga na athari za tabianchi unasema: zoa kila kitu haraka, mitaro ibaki wazi. Upande wa kupunguza gesijoto unasema: usifukie ulichozoa. Mpango unaosikiliza upande mmoja tu utaharibu upande wa pili. Pande zote mbili zinapatana mahali pamoja: taka zinazooza zitenganishwe na zisizooza kabla hazijapanda gari la kwenda dampo. Zisizooza ndizo zinazoziba mitaro. Zinazooza ndizo zinazotoa methani. Zikishachanganyika, kila moja inaharibu mwenzake: mboji inajaa vipande vya chupa na sindano, na plastiki inapakwa mchuzi mpaka mnunuzi wa chupa anaikataa.

Angalia kiroba kimoja siku ya gari la taka mtaani. Juu utaona mfuko wa unga, chupa mbili tatu za soda, nepi. Kitikise kidogo. Kuna machicha ya nazi yaliyoanza kuchacha, maganda ya viazi na ndizi mbichi, mashina ya mchicha, mabaki ya ugali yaliyovimba maji, vichwa vya dagaa. Huu ndio uzito wa kiroba. Katika miji yetu zaidi ya nusu ya taka za majumbani, ukipima kwa kilo, ni vitu vya namna hii. Kwa macho tunaona plastiki kwa sababu ina rangi na haiozi, na tangu marufuku ya mifuko ya plastiki ya Juni 2019 tumezoea kudhani kwamba tatizo la taka ni rambo. Mzani unasema vingine. Ni maji na wanga, na tunayalipia dizeli kuyasafirisha kilomita 30.

Wakati mwingine tunadhani kuhama kwa dampo ni mpango. Historia ya Dar es Salaam inaonyesha inakuwaje. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, wakiwa wamechoshwa na moshi, nzi na harufu, waliipeleka halmashauri ya jiji Mahakama Kuu wakitaka dampo la mtaani kwao lifungwe. Walishinda. Halmashauri ikarudi mahakamani kuomba muda zaidi wa kuendelea kumwaga, na Jaji Lugakingira akashangaa waziwazi kwamba mamlaka ya umma inaweza kuja mbele ya mahakama kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Ile kesi bado inafundishwa kwa wanafunzi wa sheria. Lakini fuata taka zenyewe zilikokwenda: Vingunguti, ukingoni mwa bonde la Msimbazi. Kisha Mtoni. Kisha Pugu Kinyamwezi. Kila mara jiji lilisogeza mzigo mbele kidogo na kila mara nyumba zikaufuata. Mkoa ulikuwa na watu 4,364,541 kwenye sensa ya 2012. Sensa ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Hakuna "nje ya mji" ya kudumu katika mkoa wa namna hiyo.

Na dampo linaloendelea kupanda juu lina hatari yake nyingine, isiyosubiri tabianchi. Machi 2017 lundo la Koshe, Addis Ababa, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 110. Agosti 2024 ikawa zamu ya Kiteezi, Kampala, ambako zaidi ya watu 30 walifukiwa baada ya mvua kubwa. Kiteezi lilifunguliwa 1996 na lilikuwa limejaa siku nyingi. Taka zinazooza zina maji, maji yanalainisha lundo, gesi inalisukuma kutoka ndani, mvua inamalizia. Vitu vinavyotoa methani ndivyo vinavyoangusha mlima.

Sasa nani mwenye jukumu? Kwenye karatasi, jibu halina utata. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazipa serikali za mitaa jukumu la taka ngumu ndani ya maeneo yao, inataka kila halmashauri iwe na afisa mazingira, na inazitaka ziandae mpango kazi wa mazingira. Kenya imekwenda hatua zaidi kwa sheria yake ya usimamizi endelevu wa taka ya 2022: kaunti zinatakiwa kuwa na mipango yao, na wananchi kutenganisha taka zinazooza na nyingine. Kwa upande wa ahadi za kimataifa, Tanzania ilisema mwaka 2021 kwamba itapunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030, ikilinganishwa na hali ingekuwaje bila hatua zozote, na sekta ya taka imo kwenye orodha.

Nisiwe mwongo: kwa taifa zima, taka si chanzo kikubwa cha gesijoto zetu. Ukataji wa misitu na matumizi ya ardhi vinazidi kwa mbali. Lakini manispaa ya mjini haina msitu wa kulinda. Haimiliki mtambo wa umeme. Haipangi kodi ya mafuta. Kitu kilichomo mikononi mwake kisheria, chenye kifungu chake cha bajeti na watumishi wake, ni taka. Mkurugenzi wa manispaa akiulizwa amefanya nini kuhusu tabianchi na akajibu kwamba amepanda miche, ujue ameruka fungu lake mwenyewe la bajeti.

Tatizo lipo kwenye mkataba wa uzoaji. Utaratibu uliozoeleka ni huu: halmashauri inagawa kata au mitaa kwa wazabuni au vikundi, nao wanakusanya ada kutoka kila nyumba kila mwezi na kujilipa humo. Dizeli ni yao, matairi ni yao, na ada ya kumwaga ni yao. Tazama hesabu kwa macho ya mzabuni. Mapato yake hayabadiliki: nyumba 1,000 ni nyumba 1,000. Kinachobadilika ni idadi ya tripu za kwenda Pugu. Kila tripu anayoipunguza ni faida. Basi gari linakuja kila baada ya wiki mbili badala ya kila wiki, mama wa nyumba anachoka kukaa na kiroba kinachovuja na kugoma kulipa, na jioni kiroba kinakwenda mtaroni au kinachomwa nyuma ya choo. Wote wamefanya hesabu sahihi kwa mifuko yao, mto ndio umefurika.

Unaweza kugeuza mkataba na kumlipa mzabuni kwa tani anayofikisha dampo. Hapo atazoa kwa bidii, na atazoa hata mchanga wa barabarani na maji ya mvua, kwa sababu vyote vina uzito. Atapinga mpango wowote wa mboji mtaani, kwa kuwa unamwibia tani. Mikataba yote miwili, ule wa ada na huu wa tani, haimlipi mtu yeyote kwa kilo ambayo haikufika dampo. Kama ningepewa dakika tano na kamati ya fedha, ningezitumia zote hapo. Weka kifungu kinachomlipa mtu kwa tani iliyogeuzwa mboji au chakula cha mifugo, iliyopimwa kwenye mzani, na utaona mawazo yanavyozaliwa.

Njia za kitaalamu zinazopendekezwa ziko kadhaa, na hazina uzito sawa.

Ya kwanza ni kuvuna gesi damponi na kuichoma au kuizalishia umeme. Dar es Salaam ilikwishaijaribu: dampo la Mtoni liliwekewa mradi wa kuvuna gesi, uliosajiliwa 2007 chini ya utaratibu wa Mkataba wa Kyoto wa kuuza viwango vya hewa ukaa. Ni jambo jema kwa gesi ambayo ingetoka vyovyote vile. Ugumu wake ni mwendo wa kuoza katika hali ya hewa yetu. Penye joto na mvua inayozidi milimita 1,000 kwa mwaka, kama Dar es Salaam, mwongozo wa IPCC unachukulia kwamba nusu ya taka za chakula zinakuwa zimeoza ndani ya chini ya miaka miwili. Ukisubiri dampo lijae na kufunikwa ndipo ulete mabomba, sehemu kubwa ya methani ya makombo imekwisha kwenda zake. Unavuna mabaki ya karatasi na mbao. Arusha kule Muriet, Mwanza kule Buhongwa, Dodoma kule Chidaya na Tanga kule Mpirani zimejengwa dampo za kisasa, nazo zinalinda maji ya chini ya ardhi kwa namna ambayo dampo holela haliwezi. Simshauri mtu arudi nyuma. Swali la kuwauliza wasimamizi wake ni moja tu: gesi inaingia kwenye bomba tangu mwaka gani wa kumwaga, na mwisho wa bomba kuna nini? Bomba linaloishia hewani ni dirisha tu.

Ya pili, inayopendwa na wageni wenye makabrasha yanayong'aa, ni kiwanda cha kuchoma taka na kutoa umeme. Addis Ababa ilizindua cha kwake, Reppie, mwaka 2018, jirani kabisa na Koshe. Sina chuki na tanuri. Ila tanuri linataka kitu kinachowaka, na wataalamu wanataja nishati ya wastani wa megajuli 7 katika kila kilo ya taka ili liweze kujiendesha bila kuongezewa mafuta. Machicha na mashina ya mchicha ni maji matupu. Aliyewahi kujaribu kuwasha jiko kwa kuni mbichi anaelewa.

Ya tatu haina mvuto kwenye picha: mboji. Tani ya taka za chakula ikigeuzwa mboji, penye hewa na kupinduliwa ipasavyo, nayo hutoa gesi kidogo. Kwa makadirio ya IPCC, kama kilo 4 za methani na chembe ya naitrasi oksaidi, gesi nyingine inayopasha joto dunia. Ukijumlisha athari zote kwa kipimo cha miaka 100 unapata sawa na chini ya kilo 200 za hewa ukaa. Tani hiyohiyo ikifukiwa kwenye dampo refu lisilosimamiwa ni methani kilo 40, yaani zaidi ya kilo 1,000 za hewa ukaa. Umepunguza hadi sehemu moja ya sita, bila mtambo wa ajabu. Vifaa vyake ni sepeto, turubai, maji na mtu anayejua lundo likinuka linataka kupinduliwa.

Kinondoni inacho kiwanda cha mboji Mabwepande, kilichojengwa kwa ushirikiano na jiji la Hamburg la Ujerumani ambalo ni rafiki wa Dar es Salaam, chenye uwezo wa kupokea tani 50 kwa siku. Jina Mabwepande si geni: ndiko walikohamishiwa waathirika wa mafuriko ya 2011 kutoka bonde la Msimbazi. Tani 50 ni nyingi au chache? Sensa ya 2022 iliikuta manispaa hiyo na karibu watu milioni moja. Chukua hata wastani wa Benki ya Dunia kwa Afrika kusini mwa Sahara, kilo 0.46 kwa mtu kwa siku, na mjini huwa ni zaidi. Hiyo ni kama tani 450 kila siku, nusu yake zikiwa za kuoza. Kiwanda kikifanya kazi kwa uwezo wake wote kinamaliza moja ya nne au tano hivi ya taka zinazooza. Ni mwanzo wa maana. Ila kinahitaji taka safi, na taka safi hazizaliwi kiwandani.

Ndiyo sababu mfano wa Bonyokwa unanivutia zaidi, ingawa ni mdogo. Shirika la Nipe Fagio lilianza huko kwa kwenda nyumba kwa nyumba, na wakusanyaji wa taka wenyewe wakajiunga kwenye ushirika. Nyumba zinatenganisha, mkusanyaji anapokea vilivyotengwa, zinazooza zinageuzwa mboji palepale karibu, chupa na makopo vinauzwa. Hakuna siri ndani yake zaidi ya kazi ya kuzungumza. Mkusanyaji anayemfahamu mama mwenye nyumba kwa jina la mwanawe anaweza kumwambia, "Mama Neema, leo umenichanganyia tena betri kwenye maganda," na kesho betri haimo. Kipeperushi cha manispaa hakiwezi kusema hivyo.

Fedha za kuanzia mambo kama haya si lazima zitoke nje. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi cha kufuga kuku kinakopesheka. Kikundi cha mboji kinachowauzia wale wa kuku funza waliolishwa makombo kinakopesheka pia, mradi halmashauri iwape uhakika wa eneo na wa mzigo. Eneo ndilo gumu. Mjini kila kiwanja kina mwenyewe, na hakuna mwenyekiti wa mtaa anayeshindana kuletewa lundo la taka jirani, hata uliite mboji.

Kwa hiyo ningeanzia sokoni. Nyumbani kuna milango laki kadhaa ya kubisha; sokoni mlango ni mmoja, halmashauri ndiyo mwenye soko, na tayari inatoza ushuru kila siku. Mabibo taka zimejitenga zenyewe: mkungu ni mkungu. Buguruni vilevile kwenye upande wa machungwa na mboga. Bajeti za halmashauri zinaanza kupikwa miezi ya mwisho wa mwaka, zinapita baraza la madiwani mwanzoni mwa mwaka mpya na kuanza kutumika Julai mosi. Mwananchi akipata nafasi kwenye mkutano wa mtaa au akikutana na diwani wake msimu huo, asiulize magari mangapi yatanunuliwa. Aulize kama dampo lina mzani unaofanya kazi. Aulize kati ya fedha za taka, kiasi gani ni mafuta na kiasi gani ni kutenganisha. Aulize taka za sokoni zinakwenda wapi. Kwenye majibu hayo matatu utajua kama mpango una tabianchi ndani yake au ina jina tu kwenye jalada.

Mboji nayo ina adui wake, na ni yuleyule wa taka: usafiri. Ni nzito, bei yake kwa kilo ni ndogo, na wakulima wanaoihitaji wako mbali na jiji. Wauza maua na wenye bustani wa Dar es Salaam hawawezi kununua yote. Nilikuwa nalifikiria hilo siku moja Mabibo, saa nne hiyo, malori yameshashusha. Dereva mmoja aliyetoka Tukuyu alikuwa anafagia bodi ya lori lake, akisukumia chini majani ya mwisho yaliyoganda. Kila mkungu alioleta umebeba sehemu ya udongo wa Rungwe, potasiamu hasa, ambayo mgomba unaitafuna sana, na udongo huo haurudi. Nikamwuliza anarudi na mzigo gani. Akasema akipata, anapakia bidhaa za dukani kutoka Kariakoo. Asipopata anarudi hivihivi. Nikamwuliza angebeba mboji? Alicheka, akafunga bodi, akaniuliza kilo moja itakuwa shilingi ngapi.